Tutasimama Tukirudi

Kukaa kitako ni jambo ambalo Glenys Pascoe hajawahi kulimudu. Pale Moonta, mji mdogo wa Australia ambao kila mtu anajua ya mwenzake, wanasema hajawahi kumaliza kikombe cha chai kwenye kiti alichoanzia. Huanzia mezani, akaendelea dirishani, na kikombe chenyewe kikaja kukutwa jioni juu ya mashine ya kufulia, chai imefanya utando. Kwenye kantini ya shule anakofanya kazi, watoto hupewa pasti za nyama kabla hawajamaliza kuagiza, na mara nyingine hupewa ile ambayo hawakuitaka. Mumewe, Darryl, muuza vipuri vya matrekta, ni mtu wa taratibu kiasi kwamba wateja wake hujiletea viti. Alimwoa kwa macho yake mawili, na mtu akimwonea huruma humjibu kwamba yeye ndiye breki na mkewe ndiye mafuta, na gari halitembei kwa kimoja.

Lakini kiguu na njia huyu hakujitengeneza mwenyewe. Alilelewa kwenye kiti cha nyuma cha Holden, gari la baba yake. Clem Trevorrow alikuwa mkulima wa ngano, na kwa wanaume wa rika lake huku kwetu, safari haikuwa kuona, ilikuwa kufika. Jumamosi walikaa baa wakipimana ubavu: nani alitoka Moonta hadi Perth kwa muda gani, na njiani alisimama mara ngapi. Aliyesimama mara chache ndiye dume. Ni upuuzi mtupu, nami nausema kwa kuwa nimewasikiliza miaka mingi nikiwa meza ya pili, ila wao waliufanya kama ibada.

Clem alikuwa dume la madume. Mikate ililiwa mapajani gari likienda. Mtoto akibanwa na haja, alisubiri mafuta yaishe. Kama kulikuwa na kitu cha kutazama, Clem alikionyesha kwa kidevu bila kupunguza mwendo, akisema, "Hicho hapo, mmekiona?" Mtoto akigeuza shingo, kitu kimeshabaki nyuma. Glenys husema nusu ya Australia anaijua kwa kisogo.

Mama yake, Verna, ndiye aliyeketi mbele na ramani, na kila alipoomba wasimame mahali, jibu lilikuwa ni lile lile: tutasimama tukirudi. Wakirudi ilikuwa usiku, au mvua, au kondoo wa jirani wametoka zizini na simu imepigwa, na hawakusimama. Glenys aliyachukia maneno hayo kuliko matusi. Alipoolewa aliapa kwamba hayatatamkwa ndani ya gari lake, na kwamba mtoto wake, akijaliwa, atasimama kila penye kitu cha kusimamiwa.

Alijaliwa mmoja tu, Tamsin, tena baada ya kukata tamaa. Tamsin alipotimiza miaka kumi na mmoja, bibi yake Verna alikuwa na mwaka mmoja kaburini, na Clem, mzee wa miaka themanini na mbili sasa, alikuwa amehamia chumba cha nyuma kwa binti yake, na redio yake na kikapu chake cha machungwa. Machungwa hayo yalitoka kwenye mti alioupanda Verna nyuma ya jiko la shambani. Shamba lilishauzwa, lakini mnunuzi alikuwa muungwana. Kila majira ya baridi alimruhusu mzee aje achume.

Mwaka huo ndio Glenys na Darryl walionunua gari-nyumba. Lilikuwa la mkono wa pili, jeupe, lenye vitanda viwili, jiko la gesi, na mlango wa choo uliofunguka wenyewe kila kona. Waliamua kwamba likizo ya Julai wataelekea magharibi, wavuke uwanda wote wa Nullarbor mpaka Esperance, kwa shangazi zake Glenys. Kuanzia Pasaka ramani ikatandazwa juu ya meza ya chakula na haikuondoka. Familia ikahamia kulia kochini, sahani mapajani.

Vituo Glenys alivipanga kwa vifungo. Alilichukua kopo la cherehani la mama yake, akamwaga vifungo vya nguo zote walizowahi kuvaa, na kila mahali pa kutazama pakapata kifungo chake. Galah mkubwa wa Kimba, yule ndege wa sanamu aliyesimama kando ya barabara, alipata kifungo cha waridi. Vinu vya upepo vya Penong vikapata cha shaba. Nyangumi wa Head of Bight wakapata cha buluu, kikubwa, cha koti la Darryl la zamani. Asubuhi alivipanga, mchana akiwa kantini akavifikiria, jioni akavipangua. Alisimama mezani usiku na nguo ya kulalia, akisogeza kifungo kidogo mbele, kidogo nyuma, kwa sababu kama wangechelewa Kimba wangechelewa Penong, na kama wangechelewa Penong, basi kile chekundu kingepotea.

Chekundu kilikuwa Eucla. Kuna nyumba pale ya telegrafu, zile simu za zamani za waya, ya mawe, ambayo mchanga umekuwa ukiimeza mpaka sasa zimebaki kuta. Glenys aliiona mara ya kwanza kwenye kalenda ya duka la mbegu, jikoni kwao, jua likizama nyuma ya kuta zile na mchanga wote umekuwa wa dhahabu. Kalenda iliisha mwaka, yeye akaikata picha na kuibandika juu ya kitanda. Halafu mwaka wa 1979, akiwa na miaka saba, walipita Eucla wakienda kwenye harusi Esperance. Baba yake alionyesha kwa kidevu. Glenys aligeuka haraka akaona vichaka. Hakulia, maana kulia ndani ya Holden lile hakukusimamisha gari, ila kitu kile kilimkaa rohoni, na alipokuwa mtu mzima mwenye gari lake na kopo lake la vifungo, alitaka jua lizame Eucla yeye akiwa amesimama mbele ya zile kuta. Hakutaka asubuhi wala mchana, alitaka jua lizamalo.

Darryl alimtania kadiri alivyoweza.

"Mheshimiwa," alimwambia jioni moja akiwa kochini, "na mtu akitaka kwenda chooni, naye aombe kifungo?"

"Choo kimo ndani ya gari."

"Nimekiona. Ni mlango wake tu, unapenda wageni."

Jioni hiyo hiyo Clem alitoka chumbani na kikombe chake, akasimama juu ya ramani muda mrefu. Kisha akachokora kwenye kopo, akatoa kifungo cheupe cha shati, akakiweka mahali pasipo na jina lolote, kati ya kituo cha mafuta cha Nullarbor na mpaka wa jimbo, pale barabara inapokaribiana na bahari.

"Hapo pana nini, Baba?" Glenys aliuliza.

"Hapana kitu. Ukingo wa mwamba tu, na bahari chini. Mama yako aliomba tusimame hapo tukienda kwenye ile harusi. Sikusimama."

Glenys alimtazama. Clem Trevorrow hakuwa mtu wa kusema kwamba hakufanya jambo ambalo angepaswa kulifanya. Angeweza kuuza shamba, kuzika mke, kuhamia chumba cha nyuma, na asiseme neno la namna hiyo.

"Nataka kusimama hapo," alisema. "Mengine yote pangeni ninyi."

Glenys alimwambia kimewekwa, asiwe na wasiwasi. Mzee alirudi chumbani kuisikiliza redio yake, na Glenys akabaki anakitazama kile kifungo cheupe, moyo umemlainika. Halafu, kwa kuwa vidole vyake havijui kutulia, akakisogeza kidogo, maana kilikuwa kinabanana na chekundu.

Waliondoka Moonta kabla jua halijachomoza. Tabia ni tabia. Clem aliketi mbele pembeni ya Darryl, amevaa koti lake la kuendea mnadani, na Glenys nyuma na Tamsin, ila hakukaa nyuma sana. Muda wote alikuwa ameinama katikati ya viti viwili vya mbele, kichwa chake kikiwa karibu na usukani kuliko cha dereva. Mkononi alikuwa na kengele ya mayai, ile ya kuzungusha ili ihesabu dakika za kuyachemsha, aliyoichukua jikoni. Kila kituo kilikuwa na muda wake, na muda ukiisha kengele inalia, watu wanapanda.

Kimba walimwona galah. Walipiga picha, kengele ikalia, wakapanda. Wudinna waliona sanamu ya mkulima wa jiwe, Darryl akasema inafanana na baba mkwe wake, kengele ikalia, wakapanda. Walilala Ceduna, uwanja wa kambi, wakala soseji, na Glenys akaamka mara kadhaa kuangalia kama kumekucha. Asubuhi Penong walivikuta vinu vya upepo vimejipanga vinazunguka na kulia kidogo kidogo, na Tamsin akalala chali chini ya kile kikubwa kuliko vyote, akitazama mapanga yake yakikata mawingu. Alipogeuka kumwita mama yake aje alale naye, mama yake alikuwa ameshapanda garini na mkanda amefunga.

"Mama," Tamsin alisema alipopanda, akijikung'uta majani, "tumekuja kuona au kumaliza?"

Glenys alicheka, lakini swali lilimchoma. Ukweli ni kwamba hakuwa akifurahi. Kila alipofika mahali, akili yake ilikuwa imeshahamia mahali panapofuata. Galah alimwona akiwaza vinu, vinu aliviona akiwaza nyangumi, na miguu ilimwasha kana kwamba amekalia siafu. Alijiambia kwamba ni kwa sababu ya Eucla tu. Akishafika Eucla atatulia.

Head of Bight ndipo mpango ulipopinda. Nyangumi walikuwapo, jike na mtoto wake, chini kabisa ya jukwaa la mbao, wamelala majini bila shughuli. Mtoto alikuwa akipanda mgongoni kwa mama yake na kuteleza, anapanda na kuteleza, na mama hajali. Kengele ikalia. Tamsin akashika reli kwa mikono miwili, akasema haondoki. Clem naye alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono ndani ya koti, anatabasamu. Glenys akazungusha kengele mara ya pili, kwa ukarimu, na alipoizungusha aliona wazi kabisa kwamba anatoa muda ambao hana. Alilitazama jua kuliko alivyowatazama nyangumi.

Walipoingia tena barabarani, hesabu haikukubali. Alipiga moyo konde akaipiga upya, haikukubali. Uwanda ulinyooka mbele yao bila mti, na malori yenye matrela matatu yakawapita yakitikisa gari-nyumba lote, mlango wa choo ukijifungua na kujifunga. Walijaza mafuta Nullarbor. Glenys aliwakataza wasinunue chai, maana chai ina foleni. Darryl akauliza kama anaruhusiwa kupumua, akaambiwa apumue akiendesha.

Baada ya mwendo kidogo lilitokea bango la mchepuko wa kwanza, njia ya vumbi inayokata kushoto kwenda ukingoni. Clem akainuka kidogo kwenye kiti. Aliupeleka mkono kwenye mfuko wa koti, akaugusa, akauondoa.

"Darryl, punguza," alisema. "Ni hapo mbele."

Darryl akatoa mguu kwenye mafuta. Gari likaanza kulegea. Na Glenys, aliyekuwa ameinama kati yao, aliona jua kupitia kioo cha mbele, lilivyoshuka, na akaziona zile kuta za mawe, na mchanga wa dhahabu ukizimika kabla hajafika.

"Baba, ni bahari ile ile," alisema. "Tumetoka kuitazama sasa hivi. Tukikata hapa jua la Eucla limetupita."

"Si muda mrefu."

"Najua. Tutasimama tukirudi."

Darryl alimtazama kwenye kioo. Clem alifunga kifungo cha koti lake, akarudi kuegemea kiti, na Darryl, baada ya kusubiri kidogo kama kuna mtu atakayesema kitu kingine, akakanyaga mafuta.

Maneno yalishamtoka mdomoni ndipo Glenys alipoyasikia. Haraka akaanza kujitetea ndani kwa ndani: yeye si kama baba yake, yeye atarudi kweli, kifungo kipo mezani Moonta na siku imepangwa, na mtu mwenye akili anaweza kusimama mahali siku yoyote. Ulipita mchepuko wa pili. Alitaka kusema kitu, akasema kuhusu kangaruu, kwamba Darryl awe macho. Ukapita wa tatu. Bahari ilikuwa upande wa Clem, kushoto, ikionekana mara moja moja kama mstari, na mzee hakugeuza shingo hata mara moja.

Wakafika mpakani. Kila mtu wa huku anajua kwamba tunda halivuki kwenda magharibi. Mpakani kuna watu wa karantini na pipa lao, na wiki nzima kabla ya kufika wasafiri hula kama wamelazimishwa. Glenys alikuwa amelipanga hilo pia. Matufaha yaliisha Ceduna, karoti zilipikwa na soseji, viazi waliachiwa majirani wa kambini. Afisa alikuwa dada kijana mwenye glavu. Alifungua friji, akafungua makabati, akainua magodoro, akasema angependa magari yote yawe safi namna hii. Kisha akachungulia mbele.

"Samahani, mzee. Mfukoni?"

Clem akafungua kifungo cha koti na kutoa machungwa mawili.

"Haya ni ya mke wangu," alisema.

Afisa alimweleza kwa upole kwamba, pole sana, hayawezi kuvuka. Kama anapenda anaweza kuyala pale pembeni, hakuna shida. La sivyo pipa ni hilo. Clem alishuka garini taratibu, mguu mmoja kisha mwingine, akaenda akasimama mbele ya pipa. Glenys akashuka nyuma yake.

"Wamebadilisha pipa," Clem alisema. "Lile lilikuwa pipa la mafuta, limekatwa."

"Baba?"

"Mama yako alikuwa ameyaweka ya mwisho. Ninyi watoto mlishalala nyuma. Akaniambia, Clem, mpaka uko karibu, watayachukua, simama tuyale pale ukingoni tukitazama bahari. Dakika kumi tu. Nikamwambia tutasimama tukirudi." Aliyageuza machungwa mkononi. "Akaja akayatupa humu, moja moja. Hakunigombeza. Na tukirudi nilipita hapa usiku, nilitaka kuwaambia akina Trembath kule baa kwamba nimevuka uwanda wote bila kuzima injini. Hakuniomba tena, Glenys. Kusimama. Mahali popote, mpaka alipokufa."

Glenys alikuwa na miaka saba kwenye kile kiti cha nyuma, na hakuwa amelala. Alikumbuka harufu ya machungwa mikononi mwa mama yake, na mama yake amegeuka kuwauliza kama kuna mwenye kiu, sauti ya kawaida kabisa. Miaka yote alikuwa akiamini kwamba mama yake hakujali akikataliwa, kwamba yeye peke yake ndiye aliyeyabeba yale yote yaliyopita dirishani. Alijisikia vibaya kuliko anavyoweza kueleza. Mzee alinyoosha mkono kuelekea kwenye pipa, naye akaushika.

"Usitupe."

"Dada huyu ana kazi yake, binti. Na wewe una jua lako."

"Nimesema usitupe." Akageuka kumtazama afisa. "Tukirudi nyuma nayo, mna tatizo?"

Afisa akasema upande ule wafanye wapendavyo, yeye kazi yake ni upande huu. Nyuma yao lori lilikuwa linanguruma, na nyuma ya lori msafara wa wastaafu na trela zao. Glenys alikwenda dirishani kwa Darryl.

"Geuza gari."

"Kangaruu ndio wanatoka saa hizi, Glen."

"Nenda polepole."

"Tukirudi kule tumelala kule. Na Eucla?"

Alitazama magharibi. Jua lilikuwa limeshaanza kuwa jekundu, na Eucla ilikuwa mbele kidogo tu, kiasi kwamba kama wangepita kizuizi wakati ule wangelidaka. Iliuma. Wala hakujifanya kwamba haiumi. Alisimama pale barabarani akaiacha imuume, mikono imeshika dirisha.

"Geuza, Darryl."

Darryl akageuza, bila mzaha wowote, jambo ambalo si la kawaida yake.

Walirudi taratibu, taa zimewashwa, Tamsin amepiga magoti kati ya viti akitafuta masikio ya kangaruu vichakani. Mchepuko wa kwanza waliokutana nao wakakata kuelekea baharini, gari likaruka kwenye mashimo, mlango wa choo ukafunguka na hakuna aliyeufunga. Palikuwa na uwanja mdogo wa changarawe, uzio, na bango la kuonya watu kwamba ukingo unameguka. Hapakuwa na kingine. Darryl alizima injini, na upepo ndio uliobaki.

Mwanga ulikuwa bado upo. Ukingo wa nchi ulikuwa umekatwa wima, kama mkate, na chini kabisa mawimbi yalikuwa yanajigonga bila haraka, na sauti yake ilichelewa kufika juu. Clem alisimama kwenye uzio, Tamsin akamshika mkono kwa sababu ya upepo. Akamenya chungwa la kwanza kwa kidole gumba, akagawa vipande, kimoja kimoja, Tamsin, Darryl, Glenys, kisha chake. Lilikuwa tamu na baridi. Clem alitafuna akitazama chini.

"Ni bahari tu," alisema. Alisema kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya bahari. "Angalia. Ni hiki tu alichokuwa anakitaka."

Darryl alitandaza koti lake juu ya changarawe, na Glenys akakaa. Mara moja miguu ikaanza kumwasha. Aliwaza chakula cha jioni, aliwaza kesho watoke saa ngapi ili wafidie, aliwaza kama gari limeegeshwa sawa kwa upepo. Akaikunja miguu na kuishikilia kwa mikono yote miwili.

Tamsin alikuwa amekwenda garini akarudi na kengele ya mayai. Alisimama mbele ya mama yake, kidole kwenye kizungushio, kama alivyomwona mama yake akifanya safari nzima.

"Mama, hapa niweke ngapi?"

Glenys alifungua kinywa. Kila mahali njiani alikuwa na jibu kabla ya swali.

"Sijui," alisema. "Muulize babu yako."

"Babu, ngapi?"

Clem alikuwa anamenya la pili. Hakugeuka.

"Alisema kumi."

Tamsin akazungusha, akaiweka kengele juu ya nguzo ya uzio, na ikaanza kuhesabu kwa kile kisauti chake cha jikoni. Waligawana chungwa. Upande wa Eucla mbingu ikawa nyekundu, halafu zambarau, na Glenys aliitazama kutoka alipokuwa, kwa pembeni, akijua kuta zile zimepata jua lake na yeye hayupo. Bahari nayo ikabadilika chini yao. Maganda yakajaa kiganjani kwa Clem, akayashikilia, hakuyatupa. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, na kama alikuwa anasema kitu, hakuwa anawaambia wao.

Kengele ikalia. Ililia mpaka ikaisha. Darryl alimtazama Glenys, Glenys akamtazama baba yake, mtu aliyevuka uwanda huu bila kuzima injini.

Clem alijifuta kidevu kwa mkono wa koti.

"Weka tena," alisema.